Mafuta ya Kumfikisha Baba

Zamani, na zamani yenyewe wala si ya mbali, Outhai alikuwa akiwasha gari kwenda kununua barafu. Duka la barafu liko nyumba chache kutoka kwake, upande uleule wa barabara, lakini alitoka na funguo kidoleni, akawasha pikapu, akafungulia kiyoyozi, akaenda. Muuzaji alimletea mfuko dirishani. Injini iliendelea kunguruma huku wao wawili wakipiga soga, na hakuna aliyeona ajabu, maana mtaani kwetu sote tulikuwa hivyo hivyo. Kuna watu waliotoa gari kwenda hekaluni, na ukuta wa hekalu wanauona wakiwa kitandani. Bibi Chanhom, mama yake Outhai, alisema miguu ya watu wa Vientiane imebaki ya kuvalia ndala tu.

Ilikuwa raha, tusidanganyane. Jumapili pikapu ilijaa. Mzee Phoumy, baba yake Outhai, alikaa mbele na redio yake, mkewe Bibi Chanhom kando. Latsamy, mke wa Outhai, alikaa nyuma kwenye mkeka pamoja na majirani, kinu chake cha kutwangia papai bichi amekibana kwa miguu kisije kikaviringika. Vikapu vya wali wa kunata vilipita mkono kwa mkono kabla hata hawajafika mtoni. Huko walikula samaki wa kuchoma, wakaoga, wakarudi jua likiwa linazama, wamelaliana wote na nywele bado mbichi. Ukimuuliza Outhai leo alitumia mafuta kiasi gani kwa safari hizo, hajui. Petroli haikuwa kitu cha kuzungumziwa.

Ndiyo maana geji ya mafuta ilipokufa hakuitengeneza. Yeye ni fundi wa mafriji, mikono yake inafufua vitu ambavyo wenyewe wamekwisha kuvikatia tamaa. Lakini geji ya nini? Unaingia kituoni, unasema jaza, wanajaza. Sindano ilikaa palepale katikati miaka nenda miaka rudi, naye akaizoea.

Halafu ukaja mwaka ule ambao pesa yetu ilianguka na malori ya mafuta yakaacha kuonekana. Vituo vikafunga kamba mlangoni. Vilivyofunguliwa, bei ilibadilika kabla foleni haijasogea, na kila ilipobadilika ilipanda.

*

Shida ya nyumba ile ilikuwa moja, na mtaa mzima tuliijua. Mzee Phoumy alifariki wakati watu wamefungiwa majumbani kwa sababu ya maradhi, barabara hazipitiki, wakamchomea hapa hapa mjini. Mifupa yake ilikaa kwenye chungu hekaluni kwetu, imefungwa kitambaa cheupe, ikisubiri. Mwenyewe alitaka awekwe ukutani mwa hekalu la Nahin, kijiji alikozaliwa, kaskazini kupita Phonhong. Jamaa wa Nahin walikuwa wamemjengea kijumba chake kidogo cha saruji, na mtawa mkuu wa huko alikwisha kuchagua siku, Jumamosi ya mwisho kabla watawa hawajaingia kwenye kipindi chao cha mvua. Siku hiyo ikipita, wangengoja mpaka mvua ziishe.

Bibi Chanhom alikuwa na maradhi ya kifua. Alimwambia mwanawe bila kupepesa macho kwamba kifua hiki hakitaziona mvua zikiisha, na kwamba hataki yeye na mumewe waje kupelekwa pamoja katika vyungu viwili kama nyanya za mnadani. Outhai alimwambia asiseme hivyo. Bibi akajibu kwamba amekwisha kusema, sasa yeye atafute mafuta.

Jambo lingine lilikuwa saa. Sadaka ya chakula anayotolewa marehemu lazima iliwe na watawa, na watawa hawali baada ya jua la saa sita. Ilibidi wafike Nahin asubuhi.

Outhai akaingia foleni. Hakuwasha gari humo, hakuna aliyewasha. Watu walisukuma magari yao kwa bega, hatua mbili mbele, halafu wakakaa kivulini mwake. Mafriji ya watu yalimngoja karakana. Wiki ile alikutana na watu wa foleni zaidi kuliko alivyokutana na mkewe. Kuna bwana mmoja mwenye gari refu jeusi alikuja akapita pembeni, akamnong'oneza msimamizi, akatiwa, akaondoka, na wote walitazama chini kana kwamba wao ndio walioiba.

Zamu yake ilipofika, Outhai akasahau, mdomo ukasema neno lake la siku zote.

"Jaza."

Binti wa pampu hakucheka. "Baba, hilo neno la mwaka jana," alisema. "Sasa hivi kila gari linapewa kidogo, hata uwe nani. Nikutilie?"

Waliokuwa nyuma walicheka kwa niaba yake. Outhai naye akacheka, masikio yamemwiva, akatoa pesa. Kesho yake akarudi tena foleni, na kesho kutwa tena, mpaka alipopiga hesabu zake akaona yanatosha kwenda Nahin na kurudi, na ya ziada kidogo. Ijumaa asubuhi aliegesha pikapu uani, akaiosha, akaning'iniza shada la maua mapya kwenye kioo. Alikuwa na furaha siku ile, na sisi majirani tuliiona.

Tatizo ni kwamba tuliliona na gari pia.

*

Watu wa huku tuna ugonjwa wetu mmoja. Hatuwezi kumnyima mtu usoni. Tunaweza kumsema usiku kucha, lakini akisimama mbele yako anatabasamu, huna ujanja.

Wa kwanza alikuwa mwalimu Sengphet, jirani wa ukuta mmoja. Mkewe husafishwa damu hospitali kila baada ya siku chache, na tangi la gari lake lilikuwa kavu. Hakuomba. Alisimama langoni, akamsifu Outhai kwa kuosha gari vizuri, akaeleza hali ya mkewe, akasema ataona atakavyofanya, labda atambeba kwa baiskeli. Outhai alichukua kipande cha mpira, akafyonza, akatema, akamjazia dumu. Akamwomba tu asimwambie Latsamy.

Wa pili alikuwa mkuu wa mtaa. Huyu hata shida hakuitaja. Alilizunguka gari, akagonga tangi kwa kidole, akasema mwenye mafuta siku hizi ndiye mfalme. Kisha akanyamaza, na kimya chake kilikuwa kirefu. Outhai alimpa chupa mbili kubwa.

Outhai alipoingia kuoga, Latsamy alimtazama mpaka mlango ulipofungwa. Mdogo wake Latsamy, Bangon, alikuwa amejibanza nyuma ya banda la kutwangia papai na pikipiki yake. Bangon anauza vitambaa sokoni, na bila pikipiki hauzi kitu. Asubuhi ile ile Latsamy alikuwa amemwonya mumewe kwamba akimwona anatoa tone la mafuta watagombana. Sasa alipiga magoti mwenyewe penye tangi, mpira mdomoni, akafyonza mpaka machozi yakamtoka.

"Usimwambie shemeji yako," alisema. "Atasema mimi ndiye ninayemwonya kila siku."

"Yatawafikisha lakini?"

"Si alisema yana ziada? Nenda."

Kila mmoja alijua alichotoa yeye. Sindano ilikuwa katikati, mahali pake.

*

Waliondoka kukipambazuka. Bibi Chanhom alikaa mbele na chungu mapajani, amevaa sini, ile sketi ndefu ya hariri aliyoolewa nayo, amejifunga shali begani. Latsamy alikaa nyuma na masufuria ya chakula cha watawa. Barabara ilikuwa tupu, na kwa sababu ya huo utupu ilipendeza. Mashamba ya mpunga yalikuwa yameanza kupata maji. Bibi alikuwa akimwonyesha mumewe njia, anamwambia hapa ndipo tulipokula embe, pale ndipo ulipotapika. Outhai alisikiliza akaona kwamba ni kama zile Jumapili, redio tu haipo.

Walikuwa wameiacha Phonhong nyuma, wameingia penye vilima, gari lilipokohoa. Likakohoa tena. Likateleza lenyewe mpaka ukingoni, likasimama.

Outhai alifungua boneti, ingawa alijua. Akagonga tangi. Lililia tupu. Latsamy aliteremka akasimama karibu yake, na kwa muda wote wawili walilitazama gari, si wao kwa wao.

"Nilimpa mwalimu," Outhai alisema mwishowe. "Mkewe ni mgonjwa. Nikampa na mkuu wa mtaa."

Latsamy hakupiga kelele. Outhai alizisubiri kelele akashangaa kutozisikia.

"Na mimi nilimpa Bangon," alisema.

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe uliyenitishia ugomvi?"

"Basi gombana, nimekwambia."

Dirisha la mbele likateremka. Bibi Chanhom hakugeuza uso, aliendelea kuitazama barabara mbele yake. "Yule kijana wa barafu naye nilimruhusu achote," alisema. "Baba yenu alipokuwa anaumwa, yeye ndiye aliyemletea barafu ya kulamba, hataki pesa. Nikadhani ni kachupa. Kumbe alikuja na ndoo."

Latsamy ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka ameinama, ameshika magoti, na Outhai akamfuata, na Bibi alicheka mpaka kifua kikamshika ikabidi wamsugue mgongo. Kisha kicheko kikaisha, na jua lilikuwa limeshapanda.

Outhai aliishika barabara kwa miguu mpaka penye vibanda viwili vilivyouza petroli ya chupa siku zote. Rafu zilikuwa tupu. Mwenye kibanda cha pili alikuwa akiuza mayai mahali pa petroli. Alirudi anakimbia, ndala mkononi, shati limemgandia mwilini. Hajakimbia hivyo tangu shuleni.

*

Gari lililokuja kusimama kando yao lilikuwa la Vanhxay, binamu yake Outhai, mtoto wa ndugu mdogo wa Mzee Phoumy. Naye alikuwa akienda Nahin kwenye shughuli hiyo hiyo, na mkewe na kiyoyozi. Gari lilikuwa jipya, nyuzi nyeupe alizofungiwa usukanini na watawa bado hazijaingia vumbi. Lilikula dizeli, kwa hiyo mafuta yake hayakuwafaa kitu.

Vanhxay aliteremka, akamwinamia Bibi viganja vimekutana, akampa pole. Alisema ana nafasi. Akafungua mlango wa nyuma, na baridi ya ndani ikatoka nje. Bibi Chanhom alipoinuka na chungu chake, mke wa Vanhxay alimtazama mumewe kidogo tu.

"Mama mkubwa," Vanhxay alisema, "nilikuwa nafikiri, hicho kibaki na kaka Outhai. Kitakuja nyuma taratibu."

"Hicho nini?"

Vanhxay alikuna shingo. "Gari tumelibariki juzi tu, Mama mkubwa. Mtawa alisema lisibebe kitu cha msiba mwezi huu. Si mimi."

"Huyu ni baba yako mkubwa," alisema Bibi Chanhom. "Alikubeba mgongoni mwake kwenye barabara hii hii, ukamkojolea."

Outhai aliona uso wa binamu yake ukibadilika, akamwonea huruma, maana na yeye alikuwa na gari lililobarikiwa, na angeweza kusema vile vile. Vanhxay aliahidi kwamba akifika Nahin atamtuma mtu na trekta la mkono, lile dogo la shambani la magurudumu mawili. Akachukua masufuria ya chakula ili angalau watawa wasikose. Mke wake alishusha kioo akaomba radhi kwa sauti ndogo ya kweli. Wakaenda.

Bibi Chanhom hakurudi kwenye kiti. Alijifunga shali kiunoni, akakiweka chungu vizuri kifuani, akaanza kutembea.

"Mama, ni mbali," Outhai alisema.

"Naujua umbali wake kuliko wewe."

Alitembea polepole, anapumzika penye kila mti, na wao nyuma yake hawana la kufanya. Lakini njiani alikuwa akisema, si nao. Alisema na mwenye chungu. Walipooana walikuja Vientiane kwa miguu kwa barabara hii, wakati huo ni udongo, yeye amebeba kuku wawili na Phoumy amebeba godoro. Walilala kwenye mahekalu ya njiani. Phoumy alimwambia akipata kazi mjini atanunua gari, na mke wake hatatembea tena maishani. Na alinunua. Alikuwa mtu wa kutimiza, alisema Bibi, huyo baba yenu. Latsamy alilia kimya kimya anatembea. Outhai hakujua hadithi ile, ameishi na wazazi wake maisha yake yote na hakuijua, kwa sababu ndani ya gari redio ilikuwa inapiga.

*

Trekta la mkono liliwakuta wamekaa kwenye daraja dogo. Dereva wake alikuwa Khamla, mpwa wa Mzee Phoumy, mwanamke mwenye kofia pana ya majani na mdomo usiolala. Aliifuata pikapu ilikobaki, akaifunga nyuma ya tela kwa kamba ya nyati, akamketisha Bibi juu ya majani, akasema kitu hiki kinakunywa dizeli kama mtawa anavyokunywa chai, kidogo kidogo na kwa heshima. Mwendo wake ulikuwa wa ng'ombe.

Waliingia Nahin jua limepita utosini. Watawa walikuwa wamekwisha kula, vyombo vimeoshwa. Saruji ambayo fundi aliichanganya asubuhi ilikuwa jiwe ndani ya ndoo. Lakini watu hawakuwa wameondoka, na wao hawakuwa wamekula. Vikapu vya wali vilikuwa vimefunikwa vinangoja. Mtawa mkuu, mzee aliyecheza na Phoumy utotoni, alisema chakula cha marehemu kililiwa kwa wakati kwa mkono wa Vanhxay, na kwamba kusoma dua hakuna saa. Fundi akachanganya saruji nyingine. Bibi Chanhom mwenyewe alikiingiza chungu mahali pake, akakisogeza kidogo kulia, akakirudisha kidogo kushoto, kama alivyokuwa akimrekebishia mumewe mto. Walipoziba, aliweka kiganja ukutani mpaka saruji ikachukua alama, wakamwondoa taratibu.

Baadaye watu walifungiana nyuzi nyeupe za baraka mikononi, wakala, wakanywa. Outhai alikwenda kwa mama mmoja wa dukani mwenye pipa la petroli na pampu ya kuzungusha kwa mkono. Alipoambiwa bei aliuliza tena, akidhani hakusikia. Mama yule alisema hata yeye akiitaja huona aibu, lakini ndivyo anavyonunua. Outhai alitoa pesa zote za mfukoni, akamwita Latsamy naye atoe zake. Bibi Chanhom alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba ya Khamla, anawatazama wote wawili wakinyoosha noti.

Gari lilipokuwa tayari, Outhai alimfungulia mlango wa mbele.

"Mimi nabaki," alisema Bibi.

Walidhani anatania. Latsamy alisema dawa zake ziko mjini, na nguo zake. Bibi alisema dawa watampa Vanhxay, anakuja huku kwa biashara zake, na nguo Khamla anazo nyingi kuliko akili. Khamla akasema hilo ni kweli.

"Mama, huku hospitali hakuna," Outhai alisema.

"Na kule iko, na kuifikia unahitaji mafuta. Huku nikitaka kumwona mtu natembea. Baba yako yuko hapo." Alionyesha ukuta wa hekalu kwa kidevu.

Outhai alichuchumaa mbele yake, chini ya ngazi. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na alisema maneno ya mtoto, kwamba nyumba itakuwa tupu. Kisha akasema basi atakuja kumwona kila Jumapili, kama zamani walivyokuwa wakienda mtoni.

"Usiseme kila Jumapili," mama yake alisema. "Nimekuona ukilipa. Sema utakuja mafuta yakishuka."

"Na yasiposhuka?"

Bibi Chanhom aliunyoosha uzi uliojikunja kwenye mkono wa mwanawe. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayepanga chakula cha kesho.

"Yasiposhuka utakuja mara moja tu."

Latsamy alielewa papo hapo, akautazama ukuta wa hekalu, akageukia upande mwingine. Outhai alimuaga mama yake, akawasha gari, akapunga mkono, akalipita hekalu na duka la mama wa pipa na watoto waliokuwa wakikimbia nyuma yao. Yeye alielewa walipofika barabara kuu. Aliegesha kando, akazima injini ili asiunguze mafuta, ndipo akalia.